Asali ya Mtani Wangu

Nyuki dume hana baba. Nimeanza na hilo kwa makusudi, wadogo zangu mnaoingia idara ya nyuki, kwa sababu ndilo lililonibeba miaka yote. Malkia akitaga yai lisilorutubishwa, hutoka dume. Likirutubishwa, hutoka jike. Kwa hiyo dume hana baba, lakini babu anaye, maana mama yake alizaliwa na baba. Tamkeni neno hilo mbele ya wanakijiji waliokuja mkutanoni shingo upande, nusu yao wakitazama jua limefika wapi. Mmoja atapaza sauti, "Acha uongo, dada!" Mwingine atasema anamjua mtu wa namna hiyo hapohapo kijijini. Wakishacheka ndipo uwaambie habari za ufugaji bora, na watakusikiliza.

Mimi nimestaafu juzi tu, bado naamka alfajiri natafuta viatu vya porini. Nani alipanda cheo na nani alinuna, hayo siyaandiki. Naandika yale ambayo hamtayakuta kwenye faili, na mtanisamehe nikienda na kurudi, ndivyo ninavyoongea.

Nilishuka stesheni ya Tabora nikiwa msichana, Mzaramo wa Kisarawe, sanduku la bati mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili. Nilijiona nakuja kuwafundisha watu wa bara ufugaji wa nyuki na Kiswahili kidogo juu yake. Masikini mimi! Mama aliyeniuzia chai pale nje alizungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, akaniuliza kama kwetu tunakula kabla ya kuongea au baada, maana maneno yalikuwa yananikwama. Tabora walikuwa wanaongea lugha hii na wageni wa misafara wakati babu wa babu yangu hajazaliwa. Hilo nalo sikulijua.

Nikapangiwa kijiji kimoja upande wa Urambo. Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Mzee Maganga, mrina asali, anionyeshe pori. Wakati ule hakuwa mzee, mvi ndiyo kwanza zilikuwa zinapiga hodi. Alikuwa amekaa nje anashona gome la mti liwe mzinga, kwa vijiti badala ya uzi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe mtu wa wapi?"

"Kisarawe. Mzaramo."

Lo! Yule bwana aliruka, akanipokonya mwavuli, akauingiza ndani na kufunga mlango. "Mtani wangu!" akapiga kelele. "Karibu sana! Mwavuli huu umefika nyumbani!"

Nikajua nimeletwa kwa kichaa. Mkewe, Mama Nyamizi, alitoka jikoni anacheka mpaka anashika kiuno. "Usijisumbue kuudai, binti," akasema. "Kwa mtani hakuna kuiba. Kuna kuchukua."

Vijana wengi wa sasa utani wanaufahamu kama mzaha wa mpirani tu, basi niwaeleze. Babu zao Mzee Maganga walikuwa wapagazi. Walibeba mizigo kutoka Unyamwezi mpaka pwani, na njia yao ilipita kwetu Uzaramo. Wengine waliugua wakauguzwa kwetu, wengine walifia njiani wakazikwa na wenyeji wasiowajua hata majina. Katika kuzikana huko ukazaliwa utani. Mtani akikutukana huna ruhusa ya kukasirika. Akichukua kitu chako huendi kushtaki popote. Na ukifa, ndiye anayeingia kaburini kukupokea, halafu anawachekesha wafiwa wasife na wao kwa uchungu. Nilikaa chini ya sheria hiyo tangu siku ile, na mvua za mwaka ule zote nilinyeshewa.

Kesho yake tukaingia porini. Kwa kuwa sikujua tutarudi lini, nilibeba mkobani ndizi mbivu za Kigoma nilizonunua stesheni ya Tabora. Tulipofika chini ya mzinga wa kwanza, hata moshi haujakolea, nyuki walinivamia mimi. Mzee Maganga, aliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu, hawakumgusa. Nilikimbia, nikaanguka, nikainuka, nikakimbia tena. Alinikuta kwenye kijito nimelala ndani ya maji na nguo zangu, akanusa mkoba wangu akapiga yowe. "Ndizi! Nani kakutuma uwaletee nyuki ndizi, mla nazi wewe?"

Yeye alijua mwiko tu, kwamba baba yake alikataza ndizi porini. Sababu nilikuja kuipata baadaye kwenye semina. Nyuki akiuma huacha harufu ya kuwaita wenzake waje kumsaidia, na harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Mimi nilikuwa natembea na king'ora mkobani. Nilikaa ndani mpaka macho yafunguke, Mama Nyamizi akinipaka dawa na kunilisha uji kama mtoto mchanga. Nikasema nikipona narudi Kisarawe. Sikurudi, kwa sababu nilitaka kwanza kuchukua mwavuli wangu.

Nilipompelekea Mzee Maganga ile habari ya harufu, alisema, "Basi nami nikupe moja." Hapo ndipo mchezo wetu ulipoanza. Kila nikifika kwake nilipaswa kuja na jambo moja asilolijua, naye anilipe moja lake, na aliyeshindwa anatukanwa mpaka jioni. Nilimwambia nyuki ana macho matano, mawili makubwa na matatu madogo utosini. Akaniambia wao hawavai kitu cheusi chenye manyoya wakienda kurina, maana nyuki humwona aliyekivaa kama mnyama aliyekuja kuwaibia. Alinifundisha kuwasha bomba la moshi kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, moshi utoke wa baridi, usiwaunguze. Nikamlipa kwa kumweleza kwa nini moshi unawatuliza. Nyuki wakiusikia hudhani pori linaungua, hukimbilia kula asali ya safari, na tumbo likishajaa huwa wazito hata kujikunja kuuma. "Kama wewe kwenye pilau," akasema.

Ndege mdogo anayeongoza watu kwenye nyuki alinionyesha yeye. Anakulilia, anaruka mti mmoja mbele, anakusubiri, mpaka akufikishe kwenye asali, kwa sababu yeye anataka nta na hana uwezo wa kupasua mti. Ukirina umwachie kipande cha sega. Usipomwachia, wanasema, safari ijayo atakupeleka kwa chui. Chui sijamwona, lakini kipande nimeacha kila mara. Afisa mwenye akili habishani na ndege.

Sasa nije kwenye kesi iliyonitoa jasho kuliko zote.

Miaka ilikuwa imepita, tumeunda kikundi cha warina asali, na mimi ndiye niliyembembeleza Mzee Maganga aingie. Hakutaka. Asali yake ilikuwa na jina tangu kwa baba yake, aliona ikichanganywa na za wengine itapoteza heshima. Nikamwambia aniamini. Akaniamini.

Mwaka huo, baada ya mavuno, baridi ya mwezi wa saba ikiwa imeingia, mnunuzi wetu mwenye duka Gongoni, Tabora mjini, alirudisha ndoo zenye jina la Mzee Maganga. Asali yote ilikuwa imeganda, nyeupenyeupe, kijiko kinasimama wima. Akaionja, ikamkwaruza ulimi, akatema neno moja: "Sukari." Akasema hatachukua tena hata ndoo moja ya kikundi maadamu mtu huyo yumo.

Mjue kwamba asali ya pori letu ni ya maji, inakaa muda mrefu bila kuganda. Watu walikuwa hawajaona kitu kama kile. Na ili mambo yanoge, Mama Nyamizi alikuwa ameonekana dukani ananunua mfuko mzima wa sukari. Ilikuwa ya chai ya harusi ya binti yao, kijiji kizima kilialikwa na kiliinywa, lakini umbeya haukumbuki ulichokunywa. Mwenyekiti wa kikundi, Bwana Hamisi, mtu mzuri tu ila mwoga wa hasara, akaitisha mkutano wa Jumamosi kumfukuza.

Nilimwendea Bwana Hamisi, nikamweleza kwamba asali safi nayo huganda yenyewe, inategemea maua. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Bibi Nyuki, wewe ni mtani wake. Hata angechanganya na mchanga ungemtetea." Na kwa sehemu alisema kweli.

Nikaenda kwa Mzee Maganga. Nilimkuta amekaa mahali palepale alipokaa siku ya kwanza, safari hii mikono haina kazi. Nikamwanza kama kawaida: "Mpagazi wangu wee, mzigo umeutua wapi?"

"Leo sina utani," akasema.

Nilishazoea kutukanwa na mtu huyu wakati wa njaa, wakati wa mafuriko, hata siku aliyomzika mdogo wake. Hakuwahi kunikatalia utani.

"Watanifukuza Jumamosi," akaendelea. "Sawa. Jumapili nashusha mizinga yote napasua kuni. Baba yangu hakuwahi kuitwa mwizi."

"Mzee, iko mizinga hujairina bado. Tuwapeleke wanakikundi, tuufungue mmoja wakiwa wanaona."

Akanitazama kwa hasira ambayo sikuijua. "Mtu aliyeniita mwizi aguse mzinga wenye alama yangu? Thubutu!"

Na hapo alikuwa na sheria upande wake. Kila mrina huchonga alama yake kwenye mzinga, na mzinga wenye alama ya mtu haufunguliwi na mwingine. Hata ukiukuta umeanguka, unampelekea mwenyewe habari na mikono yako inabaki safi. Mama Nyamizi alinisindikiza mpaka njiani, kanga ameiuma kwa meno. "Akishusha mizinga ile hatamaliza mwaka," akaniambia. "Namjua mume wangu." Nikamshika mkono.

Nikaondoka kwa miguu, nikapita kwa makusudi upande wa pori lake. Pembeni ya pori palikuwa na shamba la mama mmoja aliyekuwa akilima tumbaku miaka yote. Nilitarajia kuona mabua ya tumbaku. Badala yake yalisimama mabua makavu marefu, vichwa vimekatwa. Nilimkuta mwenyewe anakusanya kuni, nikamuuliza amepanda nini mwaka huu.

"Alizeti," akasema. "Tumbaku imenichosha kifua na mgongo. Halafu nyuki, dada yangu! Wakati wa maua shamba zima lilikuwa linavuma!"

Nilicheka peke yangu njia nzima, watu wa baiskeli wakinikwepa. Asali hufuata tabia ya ua. Ya miti yetu ya miyombo hutulia majimaji. Ya alizeti huganda upesi, na baridi ikipiga inaweza kuganda hata ndani ya sega. Jibu lilikuwa juu ya mti, limefungwa kwa nta, na mlango wake ulifungwa na desturi pamoja na hasira ya mtu mmoja.

Jumamosi wakakusanyika mbele ya ghala la kikundi. Mzee Maganga alikuja, amevaa koti lake la Jumapili, akakaa peke yake. Hakuna aliyekaa karibu naye isipokuwa mkewe. Bwana Hamisi alipofungua kikao tu, nikasimama. Sikuanza na nyuki dume.

"Huyu mnayemtazama ni mwizi!" nikasema kwa sauti.

Watu wakashtuka. Mama Nyamizi alifumba macho.

"Mwizi tangu siku niliyomjua! Mwavuli wangu uko ndani kwake mpaka leo, na mvua ya Tabora imeninyeshea mpaka nimeota kutu! Leo nami namwibia. Naenda kwenye mzinga wake alioutundika pembeni ya shamba la yule mama wa tumbaku, naufungua, nachukua asali. Anayetaka kushuhudia wizi anifuate!"

"Mzinga wa mtu, Bibi Nyuki?" Bwana Hamisi akasema, macho yamemtoka.

"Wa mtani wangu. Ninyi mkiugusa ni wezi. Mimi nani wa kunizuia?"

Wote wakamgeukia Mzee Maganga, maana walijua, naye alijua, kwamba neno la kunikatalia hana. Akikasirika amevunja utani wa wazee wake wote. Alinitazama kwa muda uliotosha mimi kujutia kila nililosema. Kisha nikaona pembe ya mdomo wake inatetemeka.

"Panda," akasema. "Ukianguka nitakuzika mimi. Na nitakuzika na ndizi."

Nyie! Watu walicheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, kwa sababu mtani wangu alikuwa amerudi.

Tukaenda kijiji kizima. Mzinga ulikuwa juu sana, na mimi, niwaambie leo kwa kuwa pensheni hainyang'anywi kwa hilo, urefu unanitia kizunguzungu. Lakini hapakuwa na mwingine mwenye ruhusa ya kuugusa. Nikavaa vazi la nyuki, nikapanda ngazi ya kamba na bomba la moshi, nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Chini Mzee Maganga ananielekeza kwa matusi: "Kushoto, mla nazi! Usikumbatie mti kama mume wako!" Nikafungua, nikapuliza moshi, nikakata sega lililofunikwa kwa nta pande zote, nikalishusha kwa kamba ndani ya ndoo.

Nilipofika chini nikampa Bwana Hamisi kisu. "Kwangua mwenyewe."

Akakwangua nta. Ndani ya vile vyumba vidogo asali ilikuwa imeshaganda, chengachenga, nyeupe kama ile ya kwenye ndoo. Akaonja. Akawapa wengine.

"Mwenyekiti, sega hili kalifunika nani?"

"Nyuki."

"Sukari imepitia wapi?"

Bwana Hamisi akatazama sega, akatazama mabua ya alizeti yaliyosimama palepale mbele yetu, akakuna kichwa. Kabla hajasema kitu, sauti ya Mama Nyamizi ikatoka nyuma: "Labda ile sukari ya harusi niliwapikia nyuki chai!"

Hata mwenyekiti alikaa chini kwa kicheko. Alipoinuka alivua kofia, akaenda mpaka kwa Mzee Maganga, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Baba, tumekukosea," akasema. Mzee Maganga aliinamisha kichwa, akajifuta macho, akausingizia moshi. Bomba lilikuwa limezimika zamani.

Mnunuzi naye tulimfuata Gongoni. Tuliitia chupa ya asali ile ndani ya maji ya uvuguvugu dukani kwake, ikayeyuka taratibu ikawa ng'avu mbele ya macho yake. Siku hizi ile iliyoganda anaiuza kwa watu wanaoipaka kwenye mkate, na ikichelewa ananipigia simu kuiulizia. Somo lenu hapo ni hili: msiseme asali ni chafu kabla ya kuuliza mwaka huo jirani alipanda nini. Na msiichemshe, itapoteza harufu yake.

Mzee Maganga alinitoza kwa wizi ule. Alichukua bomba langu la moshi, jipya, la serikali. Ofisini niliandika limepotea porini, na kwa namna fulani lilikuwa porini kweli.

Nimalizie na siku ya kuagwa. Ofisi ilinifanyia sherehe, hotuba zikawa ndefu, nikazawadiwa kiti cha mninga cha kupumzikia, kizuri, chenye mikono mipana. Mzee Maganga, sasa mzee kweli, fimbo mkononi, alishuka kwenye bodaboda katikati ya hotuba. Hakusalimia mtu. Alikuja mpaka mbele, akakipapasa kile kiti, akasema, "Kimefika nyumbani." Akamwambia dereva akifunge nyuma ya pikipiki. Wageni kutoka mkoani wakabaki midomo wazi. Wenyeji walipiga vigelegele. Mimi nilibaki nimesimama na vitenge nilivyotunzwa kama niliyekosa siti kwenye treni.

Jumamosi iliyofuata nikamwendea, nimeiva kwa maneno ya kumtukana. Kiti kilikuwa barazani, kimepanguswa vumbi, kimetandikwa kitambaa. Yeye amekaa kwenye kigoda chake cha siku zote.

"Kiti changu, mpagazi! Mbona hata hukikalii?"

"Nani kasema nilitaka kukaa?" akajibu. "Kazi yako imekwisha. Ungekuja kwangu kufuata nini tena?"

Nilikaa kwenye kiti kile. Mama Nyamizi akaleta chai na asali. Mzee Maganga akanigongea fimbo mguuni. "Haya, mla nazi. Umekuja na lipi nisilolijua?"

Nikamwambia nyuki mmoja, kwa maisha yake yote ya kuhangaika, hajazi hata kijiko kimoja cha chai. Akaitazama asali mezani, akatikisa kichwa, akaniongezea kijiko kingine kwenye kikombe changu.

Kiti bado kiko kwake. Kila Jumamosi naenda kukidai.